Kwani hakuna dirisha?

Stima ilipotea ikikaribia saa mbili usiku, mvua bado inapiga mabati, na Rama amebakisha hatua chache afike mlangoni. Banda zima likaguna kwa pamoja. Tulikuwa watu kama arobaini kwenye mabenchi, wengine wamesimama nyuma na makoti ya mvua waliyotoka nayo kwenye majani chai, maji yakiwachuruzika hadi kwenye sakafu ya udongo. Ilikuwa Chepilat, mwaka wa 2013. Hilo ni soko la mpakani, kwenye barabara ya kutoka Sotik kwenda Keroka, Bomet ikiishia hapo na Nyamira ikianzia hapo. Nilikuwa nimekuja kumwona shangazi yangu, na jioni hiyo mvua ilinisukuma bandani kama ilivyowasukuma wengine.

Filamu iliyokatika ilikuwa The Raid, ya mwaka wa 2011, iliyotengenezwa Indonesia na mwongozaji kutoka Wales, Gareth Evans. Wahusika wanasema Kiindonesia. Maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya kioo cha ile televisheni yalikuwa madogo kiasi kwamba hata waliokaa mbele hawakuyasoma. DVD yenyewe haikuwa imetiwa sauti ya DJ yeyote. Kwa hiyo tangu mwanzo mwenye banda, ambaye kila mtu alimwita Fundi kwa sababu mchana alitengeneza redio mlemle, alisimama kando ya televisheni akitusimulia: huyu Rama ni polisi, mkewe ana mimba, yule mzee wa juu ndiye mwenye jengo, hawa wote wapangaji ni wake.

"Kaeni," Fundi alisema gizani. "Hii nimeiona mara tisa. Nitawamalizia."

Akaanza. Rama amefika mlangoni. Nyuma ya mlango kuna watu, anasikia miguu yao.

"Ako na risasi ngapi?" kijana mmoja akauliza.

"Hana hata moja. Ziliisha kule chini."

"Sasa anaingia na nini?"

"Na kile kisu."

"Wacha asiingie. Arudi kwa yule jamaa aliyewaficha."

Wakaanza kubishana. Kundi moja lilitaka arudi, jingine likasema akirudi atamletea yule msamaria balaa, na mkewe ni mgonjwa. Fundi hakuwanyamazisha. Alingoja. Ndipo mama mmoja muuza mboga, aliyekuwa ameketi karibu na mlango na beseni lake la managu, akauliza kwa upole kabisa: "Kwani hakuna dirisha?"

Fundi alinyamaza kidogo. Nakumbuka vizuri kimya kile, na mvua juu yake.

"Dirisha liko," akasema. "Lakini ni dogo, na chini ni mbali."

"Hakuna bomba la maji hapo nje?"

"Bomba liko. Limeoza."

Kwa robo saa nzima Rama alining'inia nje ya jengo la Jakarta, akishuka kwa bomba lililooza, na watu arobaini wa Chepilat wakimwambia aweke mguu wapi. Stima iliporudi, filamu ikaendelea pale ilipokatikia. Hakukuwa na dirisha wala bomba. Jamaa mmoja nyuma akalalamika kwa dhati kwamba wenye filamu wameiharibu.

Miaka michache baadaye, Nairobi, nilishika kwa mara ya kwanza kitabu cha sheria za Dungeons & Dragons, na kurasa chache tu zilitosha kunirudisha gizani kwa Fundi. Mchezo huo ulichapishwa mwaka wa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson kupitia kampuni changa ya Gygax, TSR, katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Vilikuwa vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala 1,000 za kwanza. Haukuwa na ubao kama ludo wala karata. Watu huketi mezani. Mmoja wao ndiye mchezeshaji, ambaye ana ramani iliyofichwa: mahandaki chini ya ngome, vyumba, mitego, mazimwi, na hazina huko chini kabisa. Wengine kila mmoja ni mtu fulani: mpiganaji, mchawi, kasisi mwenye kuponya, na baadaye kidogo mwizi wa kufungua makufuli. Mchezeshaji anawaambia wanachoona. Kisha anauliza swali ambalo ndilo roho ya mchezo wote: mnafanya nini?

Wakijibu kwamba wanavunja mlango, dadu hurushwa kuamua kama umevunjika. Wakiuliza kama kuna dirisha, mchezeshaji mbaya huangalia ramani na kusema hakuna. Mchezeshaji mzuri hufanya alichofanya Fundi.

Tangu nilipoelewa hilo sijaweza kutazama filamu za mapigano na za sayansi ya kubuni kwa jicho la zamani. Naiona ramani chini yake. Chukua The Raid yenyewe. Kikosi cha polisi kinaingia katika jengo refu la makazi linalomilikiwa na mkuu wa wahalifu, Tama, anayekaa juu kabisa. Hili ni handaki lililosimamishwa wima. Ghorofa za kwanza zinapitwa kwa kunyata, chumba baada ya chumba, kama kila kundi la mezani linavyoanza kwa uangalifu. Kisha mtoto mmoja anapiga kelele, na king'ora kinalia. Tama, anayetazama kila korido kwa kamera, anatangaza kwa vipaza sauti kwamba mpangaji atakayewamaliza polisi atakaa bure milele. Jengo zima linafunguka kama kiota cha siafu. Mchezeshaji yeyote angekitambua kitendo hicho. Mazimwi hayakai chumbani yakingoja kuuawa kwa zamu, yana masikio, na yanaitana.

Kuna tukio moja ambalo kwangu ni darasa. Rama na mwenzake aliyejeruhiwa wamefichwa na mpangaji mwema katika uwazi mwembamba nyuma ya ukuta. Wahalifu wanaingia, na mmoja anaanza kuchoma ukuta kwa panga, hapa, pale, hapa tena. Panga linapenya na kukata shavu la Rama. Hawezi kulia. Na panga likivutwa kurudi na damu, wameisha. Kwa hiyo, linapotolewa polepole, anaushika upande wa bapa na kuupangusa ili litoke safi. Hakuna ngumi hapo. Kuna mtu aliyebaki na jambo moja tu la kufanya, na akalipata. Wachezaji wa mahandakini huishi kwa ajili ya dakika kama hiyo, na hawaipati kwa misuli. Hata silaha kubwa ya Rama katika sehemu ya kwanza ya filamu ni mtungi wa gesi uliotiwa ndani ya friji na kusukumwa mlangoni. Alitumia vilivyokuwamo chumbani.

Mwaka mmoja baada ya The Raid ilitoka Dredd, iliyoandikwa na Alex Garland na kupigwa Afrika Kusini, Cape Town na Johannesburg. Jengo linaitwa Peach Trees, lina ghorofa 200, na malkia wa dawa za kulevya yuko juu. Mfanano wake na The Raid uliwasumbua watu, wakauliza nani amemwibia nani. Lakini Dredd ilikuwa imekwisha kupigwa kabla The Raid haijaonyeshwa kwa umma. Hakuna aliyeiba. Wote wawili walichora ramani ileile kwa sababu ramani hiyo ilikuwa tayari mikononi mwa kila mtu. Karl Urban, aliyekuwa Dredd, miaka saba kabla ya hapo alicheza katika Doom ya 2005, filamu iliyotokana na mchezo wa kompyuta wa 1993, na waliotengeneza mchezo huo, kina John Carmack na John Romero, walikuwa wakicheza Dungeons & Dragons usiku baada ya kazi. Ulimwengu wao wa mezani uliisha kwa kuvamiwa na mashetani kwa sababu ya tamaa ya Romero ya upanga mmoja. Mashetani hao wakahamia kwenye kompyuta, kisha wakahamia kwenye kioo cha sinema.

Mtu anaweza kudhani basi kwamba mchezo ndio mama na filamu ni watoto. Mambo hayakwenda hivyo. Arneson mwenyewe alieleza jinsi wazo lilivyomjia mwanzoni mwa miaka ya sabini: alikaa wikendi nzima akitazama filamu za madubwana kwenye televisheni na kusoma vitabu vya Conan, na alipoinuka akaanza kuchora ngome yenye mahandaki chini yake. Sinema ndiyo iliyompa handaki. Baadhi ya mazimwi maarufu ya mchezo huo, kama lile linalogeuza chuma kuwa kutu, Gygax aliyatoa kwenye vitu vya kuchezea vya plastiki vya bei rahisi kutoka Hong Kong. Na huko huko Hong Kong, mwaka wa 1972, kabla kisanduku cha kwanza hakijachapishwa, Bruce Lee alikuwa anapiga Game of Death: pagoda ya ghorofa tano, kila ghorofa na mlinzi wake na mtindo wake wa kupigana, hazina juu. Hakuimaliza. Alifariki Julai 1973, na filamu ikaungwaungwa na wengine na kutoka mwaka wa 1978. Lakini vipande alivyopiga mwenyewe, pamoja na kile cha Kareem Abdul-Jabbar mwenye miguu isiyokwisha, vinatosha. Hakuna mtoto wa banda Afrika Mashariki asiyejua kwamba ukimpiga wa chini unakutana na mkali zaidi.

Ndio maana naona handaki si mali ya Wisconsin wala Hong Kong. Mwaka wa 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekuwa Unguja, alichapisha London hadithi alizosimuliwa na watu wa Zanzibar. Mojawapo ni ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka anakula mifugo, mmoja baada ya mwingine, na kila watu wakilalamika sultani anawajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Paka anakua na kuwa nunda, mla watu, hata wana wa sultani wanaliwa. Mtoto wa mwisho, aliyedharauliwa na baba, anatoka na watumwa kumwinda nunda ambaye hamjui sura. Anaua mbwa, anamletea mama yake, ndiye huyu? Siye. Anaua punda milia. Siye. Kifaru. Siye. Tembo, na bado mama anamwambia siye, na kila safari anamsihi aache. Hatimaye anampata mwenyewe.

Nilipoisoma hadithi hiyo nikiwa mtu mzima nilishangaa sana. Hizo ni ngazi. Hicho ndicho Gygax na Arneson walichokiandikia majedwali ya namba: mpiganaji wa ngazi ya kwanza hapewi joka, anaanza na panya na mbweha, na kila anachoshinda kinamkomaza kwa kinachofuata. Mtoto wa Majinuni angekutana na nunda siku ya kwanza angeliwa kama kaka zake. Aliyeokoa maisha yake ni mama anayesema bado. Waswahili walikuwa na mfumo mzima wa mchezo huo, ila hawakuona haja ya kurusha dadu.

Upande huu wa nyanda za chai zimwi lina jina lake. Mwingereza A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wanandi cha mwaka wa 1909, alimwandika chemosit: nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, na mdomo mwekundu unaowaka usiku kama taa. Wakipsigis ni ndugu wa Wanandi, na jina hilo Chepilat si geni. Shangazi yangu, aliyeolewa upande wa Sotik, alikuwa akiwaambia wanawe wasipite katikati ya majani chai baada ya giza kwa sababu yake. Aliyewahi kusimama ukingoni mwa shamba la chai jua linapozama, mistari ya kijani ikitiririka bondeni na ukungu ukipanda kati yake, hahitaji kuelezwa handaki ni nini. Vijia vile ni vyembamba, vinafanana, vinapinda. Kitu chenye mdomo unaowaka kinakaa mahali fulani mbele.

Lakini wazee waliosimulia habari za chemosit na nunda walifanya jambo ambalo Hollywood haiwezi kufanya hata kwa fedha zote. Walikuwa wakisikiliza. Mtoto akiogopa mno, zimwi lilipunguzwa meno. Akiuliza kwa nini hakukimbia, jibu lilitungwa papo hapo. Filamu imeshaamua kila kitu kabla hujalipa kiingilio. Hilo ndilo pengo kati ya safari ya mahandakini na mwangwi wake wa sinema, na naamini ni pengo kubwa kuliko lile la joka na roboti ambalo watu hulizungumzia. Mezani, staringi anaweza kufa chumba cha pili kwa sababu dadu limelala vibaya. Kwenye filamu sisi sote bandani tulijua kwamba staringi hafi. Tulipiga kelele hata hivyo.

Filamu chache sana zimekaribia kuliziba pengo hilo, na iliyo karibu zaidi kwangu ni Aliens ya James Cameron, ya 1986. Joka lake ni la angani, ramani ni ileile. Kuna kikosi cha wanajeshi waliogawiwa kazi, huyu wa bunduki nzito, huyu wa mitambo, huyu wa tiba, wakisindikizwa na Ripley, raia ambaye ndiye pekee aliyewahi kuliona zimwi. Wanashuka. Wakifika sehemu ya chini, chini ya mitambo ya kupoza tanuri la nyuklia, inagundulika kwamba risasi zikifyatuliwa hapo huenda zikalipua kituo kizima, na wanaamriwa kukabidhi magazini zao. Wamevuliwa silaha mlangoni mwa pango lenyewe. Mchezeshaji mkali angefanya hivyo hivyo, na wachezaji wangempigia makelele. Tangu hapo filamu nzima ni hesabu: risasi zilizobaki, milango iliyobaki ya kuziba, dakika zilizobaki. Mwisho Ripley anashuka peke yake kwa lifti akifunga bunduki na kirusha moto pamoja kwa utepe wa gundi, kwenda kumtafuta mtoto Newt, na huko chini kabisa anamkuta malkia na mayai yake. Hazina ya handaki lile ni mtoto. Sijui filamu nyingine ya aina hiyo iliyochagua hazina vizuri zaidi.

Nikilinganisha, filamu ya 2023 yenye jina la mchezo wenyewe, Honor Among Thieves, inajua majina yote ya mazimwi ila mara nyingi haina hofu ya korido. Ina tukio moja la kweli kabisa, hata hivyo. Shujaa mmoja anaanza kuwaeleza wenzake kanuni ndefu za kuvuka daraja la mtego, na kabla hajamaliza mwingine ameweka mguu na daraja limeporomoka. Aliyeandika hapo amewahi kuketi mezani.

Sasa turudi kwa watu kama Fundi, maana hawakuwa wachache. Kwa miongo sasa Afrika Mashariki imekuwa na ufundi wake wa kuizungumza filamu juu ya filamu. Kenya anajulikana zaidi DJ Afro, James Muigai, ambaye sauti yake imekaa juu ya filamu za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani kwenye mabanda, matatu na simu kila kona ya nchi. Tanzania walikuwa na Lufufu, Derek Mukandala, na baada yake wengine. Uganda wanaitwa VJ, na VJ Jingo alijenga jina kwa Kiganda. Kule Wakaliga, Kampala, Nabwana Isaac alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka wa 2010 kwa fedha ya mfukoni, sauti ya VJ Emmie ilikuja kutiwa ndani ya filamu yenyewe kama kiungo cha mwili wake.

Waliosoma sana wameliita jambo hili tafsiri, na wengine wakaliona kama ujanja wa wasiojua Kiingereza. Mimi naona wanakosea. Mtafsiri anakwambia mhusika amesema nini. DJ Afro anakwambia chumba kina nini. Anampa adui jina unaloweza kumchukia nalo, anakuonya kuhusu mtu aliyejificha kushoto kabla kamera haijafika, anakumbusha kwamba huyu ndiye aliyemwua kaka yake, anamsuta staringi kwa uzembe wake. Anafanya kazi ya mchezeshaji wa mahandakini. Filamu iliyotoka mezani ikapoteza msimulizi njiani kuelekea Hollywood inampata tena ikifika katika banda la mabati. Hatukumwongeza sisi kwa upungufu. Tulimrudisha mahali pake, pengine bila kujua kwamba aliwahi kuondolewa.

Na Chepilat msimulizi huyo alikuwa na kazi nyingine. Soko lile lina Wakipsigis na Wagusii, na ukipita asubuhi utasikia salamu za chamgei na bwakire zikipishana juu ya meza moja ya nyanya. Pia limewahi kusikia mengine. Mpaka wa Sotik na Borabu uliwaka mwaka wa 1992 na ukawaka tena mapema 2008 baada ya uchaguzi, nyumba zikachomwa, watu wakafa, na Chepilat ilikuwa katikati ya mstari huo. Mwaka wa 2013, nilipoketi bandani, hiyo ilikuwa miaka mitano tu nyuma. Kulikuwa na nyumba ambazo hazikuwa zimejengwa upya.

Sisemi filamu ilileta amani, kwa kuwa haikuleta. Nasema nilichoona. Fundi alisimulia kwa Kiswahili kwa sababu katika chumba kile hakukuwa na lugha nyingine iliyomkaribisha kila mtu. Kundi la mahandakini, tangu kisanduku cha 1974, lina sharti moja lisiloandikwa: mpiganaji peke yake hafiki, mponyaji peke yake hafiki. Kila mmoja anakuja na alichonacho. Gizani, kwa robo saa ile, aliyetaka Rama arudi na aliyetaka aendelee hawakujua wala hawakuuliza mwenzao ametoka upande gani wa barabara. Walikuwa wanatafuta pa kuweka mguu mmoja.

Nimefikiria pia juu ya Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya 2009, dakika 21 hivi, ambayo ni ya sayansi ya kubuni na ni ya Kikenya hasa. Imewekwa miaka 35 baada ya vita vya dunia vilivyopiganiwa maji. Watu wanaishi ndani, katika jamii iitwayo Maitu, wakirudisha jasho na mkojo kuwa maji ya kunywa, na nje inasemekana kumekufa. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo wenye unyevu kutoka kwa mtu asiyemjua. Kahiu alilipindua handaki. Shujaa wake hashuki kutafuta hazina, amezaliwa shimoni, na hazina, mbegu moja, iko mikononi mwake tayari. Safari yote ni ya kutoka. Walinzi wapo, milango ipo, na anayemsaidia ni mwanamke wa usafi ambaye hakuna mtu anayemtazama. Yule mama wa managu angekuwa yeye. Natamani sana filamu ile ingefika kwenye mabanda na sauti ya DJ juu yake badala ya kuishia kwenye matamasha.

Nilipita Chepilat tena mwezi Oktoba mwaka jana, bonasi ya chai ikiwa imetoka na soko limejaa. Banda la Fundi sasa ni duka la vifaa vya simu. Kijana aliye pale hakumjua. Kwa shilingi kidogo atakujazia filamu kwenye simu, na alinionyesha orodha yake: karibu zote zimetafsiriwa.

Nje, chini ya mti wa stendi, waendesha boda watano walikuwa wameinamia simu moja iliyoegemezwa kwenye tangi la petroli. Sauti niliyoifahamu ilikuwa inapanda na kushuka, haraka, bila kuvuta pumzi. Kwenye kioo mtu alikuwa anatembea kwenye korido, bunduki mkononi, kuelekea mlango uliofungwa. Mama mmoja mwenye kikapu akasimama na kuuliza ni pesa ngapi kufika Nyansiongo.

"Ngoja, mama," mmoja akasema bila kuinua macho. "Aingie kwanza."

"Anaingia wapi?"

"Hapo. Kuna watu ndani."

Mama akatua kikapu, akasogea, akainama kutazama.